Pikipiki imezima kwenye tope? Nambie kwanza ilianzia wapi

Kwenye safari za wikiendi za klabu yetu mi ndo huwa nakaa nyuma kabisa ya msafara, yani mtu wa mwisho, mwenye begi la spana na pampu, na mtu wa mwisho anaona mengi manake yeyote aliyeharibikiwa lazima nitamkuta tu, kasimama pembeni kavua helmeti anaikodolea macho pikipiki kama imemtukana. Nikifika swali langu huwa ni moja: ilianza kusumbua ukiwa wapi? Ndani ya maji, baada ya kutoka kwenye maji, kwenye tope zito, au ilikuwa nzima jana ikagoma leo asubuhi? Watu wengi hawapendi hilo swali, wanataka tukimbilie plagi, mara kabureta, mara betri, wakati ukishajua ilianzia wapi nusu ya kazi imekwisha hata bolti moja hujalegeza. Basi na haya maelezo nimeyapanga hivyohivyo, tafuta ulipokuwa afu shuka nayo.

Ilizima katikati ya maji

Hapa jambo la kwanza ni la kutofanya. USIGUSE STATA. Najua kidole kinawasha, maji yako kwenye buti, wenzako wako ng'ambo wanacheka na wengine wanarekodi, lakini acha. Injini kazi yake ni kukandamiza hewa, maji hayakandamiziki, sasa kama yameingia kwenye silinda na we unabonyeza stata, pistoni inapanda inakutana na kitu kisichosogea, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Tulishakuwa na mwenzetu mmoja alizimikiwa kwenye kijito ambacho hata hakikuwa kirefu sana, akabonyeza mara ya kwanza ikalia "tk", akabonyeza tena "tk", mi huku nyuma napiga kelele aache hanisikii kwa sababu ya maji, ya tatu ikazunguka kidogo akafurahi. Ikawaka hata, ila ikawa inagonga kama mtu anapiga bati kwa nyundo, na haikumaliza kilomita moja. Injini nzima ikashushwa, kwa ajili ya vibonyezo vitatu.

Kwa hiyo zima swichi, isukume mpaka nchi kavu, afu ukumbuke ilizimaje. Kama ilikohoakohoa ikafifia taratibu mara nyingi ni umeme umelowa, hiyo nafuu. Kama ilikata ghafla kama imegonga ukuta, chukulia maji yamo ndani mpaka uhakikishe hayamo.

Kuhakikisha sio kazi kubwa, fungua kifuniko cha chujio la hewa uangalie. Chujio kavu na boksi lake kavu, basi maji hayakupita huko, ruka uende sehemu inayofuata. Chujio likiwa linachuruzika, au ukikuta kidimbwi chini ya boksi, toa plagi kabisa, kofia ya plagi na waya wake uvisogeze mbali na lile tundu (kinachotoka pale ni maji yamechanganyika na petroli, cheche ikirukia hapo mtajuta), afu zungusha injini taratibu kwa kiki, au kama haina kiki weka gia ya juu usukume tairi la nyuma kwa mkono. Maji yatatoka kwa kuruka, mengine yanakuja kama mate, mengine yanapiga chafya kabisa. Rudia mpaka kitoke kiupepo kitupu. Ndo sasa stata inaruhusiwa, plagi ikiwa bado nje. Pikipiki ndogo za tustroki, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, zenyewe maji yanajificha chini kwenye krenki, hizo mnazibinua miguu juu watu wawili watatu mpaka ziteme.

Kamua chujio, usilinyonge kama tambara la deki manake sponji inachanika, likandamize tu katikati ya viganja. Afu angalia oili kwenye kile kidirisha cha pembeni ya injini au kwenye kijiti. Ikiwa na rangi yake ya kawaida shukuru. Ikiwa imegeuka nyeupe-nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia kwenye oili, na hiyo sio pikipiki ya kuendeshwa kilomita 60 kurudi nyumbani, inamwagwa oili, inawekwa nyingine ya bei nafuu tu, inaungurumishwa dakika chache, inamwagwa tena. Mara nyingi ni mizunguko miwili au mitatu mpaka weupe uishe. Ndo maana kwenye begi la msafara lita moja ya oili haikosekani, japo kila safari kuna mtu ananiuliza ya nini.

Kuna na ile nyingine ya ajabu ambayo watu wanalaumu plagi bure: ukiingia kwenye maji ya kina, ukienda mwendo ni sawa, ukipunguza tu au ukisimama katikati inazima, ukiitoa nje inawaka kama hakujatokea kitu. Hii ni ya wenye kabureta. Kabureta ina vile vimpira vyembamba vinavyoning'inia chini karibu na mguu, ndo pua zake, bakuli lake la petroli linapumulia hapo. Ncha zikizama, hewa haiingii kwenye bakuli, na hewa isipoingia petroli haitoki. Dawa ni kukata kimpira, kuweka kiungo cha njia tatu, na mkono mmoja kuupandisha juu chini ya tangi. Kazi ya nusu saa nyumbani, na nilivyofanya kwangu hiyo shida sijaiona tena.

Ilitoka kwenye maji vizuri, sasa inamisi au imekata

Kabla ya yote, ulianguka? Hata kidogo tu, hata ukiwa umesimama? Kama ndio, angalia swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani, manake goti au tope huwa linaisukuma. Usicheke. Nimeshakuta watu watatu wazima wamefungua tangi, kumbe swichi nyekundu. Na pikipiki za injekta (zisizo na kabureta) nyingi zina sensa ya kuanguka, ikilala sana inakata umeme na haiwaki tena mpaka uzime swichi ya ufunguo, uhesabu taratibu mpaka kumi, uwashe upya.

Kama hukuanguka na inawaka ila inamisi, yani inarukaruka midundo, inapiga risasi kwenye ekzosi, inakosa nguvu, mshukiwa wa kwanza ni kofia ya plagi. Ivue, ipulize ndani, ikaushe kwa kitambaa kikavu (kikavu kweli, sio kile cha mfukoni kilicholowa pamoja na suruali), angalia na waya wa koili kama una mpasuko, usiku au kwenye giza la miti unaweza hata kuona cheche zinarukia kwenye injini. Afu kuna kitu wengi hawakijui, injini nyingi ambazo plagi imekaa kwenye shimo zina kitundu kidogo pembeni cha kutolea maji, tope likikiziba plagi inakaa kwenye bakuli la maji na utakausha kofia mpaka uchoke. Kizibue kwa waya mwembamba. Nyumbani ukipaka grisi ya silikoni kidogo kwenye mdomo wa hiyo kofia, umejipunguzia mengi.

Umeme ukiwa safi na bado inakwamakwama hasa ukivuta mafuta, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta ukinge kwa kikombe au kifuniko cha chupa. Maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo yanakaa chini, utayaona kabisa, matone ya duara yanatembea chini kama gololi. Mwaga mpaka ije petroli tupu.

Sasa hii ifuatayo naisema kwa uchungu. Dalili: inawaka vizuri kwenye neutro, inaunguruma vizuri, ukiingiza gia ya kwanza inazima papo hapo. Sisi ilitukuta mvua inanyesha, tukatoa plagi tukarudisha, tukafungua kabureta, tukapima fyuzi, mmoja akasema klachi imeng'ang'ania, lisaa likaisha tumelowa mpaka kwenye mifupa, mpaka kijana mmoja mgeni kabisa kwenye klabu akainama akaulizia kale kaswichi ka stendi ya pembeni. Kalikuwa kamefunikwa na tope gumu kama saruji. Kale kazi yake ni kuzuia usiondoke na stendi iko chini, kakinasa kanaiambia pikipiki stendi iko chini hata kama umeipandisha. Tukakamwagia maji ya kunywa, tukakapiga piga na mpini wa bisibisi, ikaondoka. Toka siku hiyo dalili ya "inazima nikiweka gia" siulizi kitu kingine. Swichi ya klachi nayo ni ndugu yake, ikifa, kwenye nyingi stata haiitiki mpaka uweke neutro.

Na kama inakwenda vizuri dakika kumi na tano, inaishiwa nguvu taratibu, inazima, ukipumzika inawaka, afu mchezo unarudia, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Ukisikia "fyuuu" ya kuvuta hewa, kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kimeziba tope. Kwa leo endesha ukiwa unakilegeza kila baada ya muda, kesho kisafishe.

Kwenye tope zito: haiendi, au inaenda bila wewe

Tairi la mbele limegoma kuzunguka: ni madigadi. Madigadi yaliyobana karibu na tairi ni ya lami, udongo wa mfinyanzi unajipakia mle mpaka unakuwa breki, na mbaya zaidi tairi likigoma ukiwa mwendoni unaruka juu ya usukani. Kuchokoa na kijiti ni suluhisho la mita mia mbili. Mkishaona njia ni ya udongo wa kunata fungueni bolti nne muyatoe, myafunge nyuma kwenye mzigo, tope la usoni linavumilika.

Tairi la nyuma linazunguka na pikipiki haiendi: acha mafuta. Kila ukivuta unachimba kaburi, ikishafika tumbo la injini likalala juu ya udongo hapo ni watu wanne na kamba. Shuka, iyumbishe kushoto kulia ili kuta za shimo ziachie, tia majani au matawi mbele ya tairi, gia ya pili, klachi taratibu, we mwenyewe uko pembeni unasukuma, hujaikalia. Na mwenzako asisimame nyuma ya tairi, nimeshasema hilo mara ngapi na kila safari kuna mmoja anageuka sanamu ya udongo.

Upepo wa tairi nao unachangia. Upepo wa lami kwenye tope ni kuteleza tu. Pikipiki nyepesi yenye tairi za vikucha mi nashusha mpaka 15 psi hivi, kubwa yenye mizigo sishuki chini ya 20 manake mawe yapo na rimu inapinda. Ila ukishusha uangalie mdomo wa kujazia upepo, kama umeinama kuelekea upande mmoja tairi linajisokota kwenye rimu na linavuta tyubu, muda si mrefu linang'oa mdomo na hiyo haizibiki na kiraka. Ndo maana ile nati ya chini ya mdomo naipandisha juu kwenye kifuniko, siikazi kwenye rimu, ili kuinama nikuone mapema.

Injini inalia juu ila mwendo hauongezeki, na kuna harufu kama ya kitu kilichoungua: klachi inateleza, umeipika kwa kuishikashika nusunusu kwenye tope. Simama. Sio kupunguza mwendo, kusimama, robo saa au zaidi ipoe. Ikipoa angalia waya wa klachi, lazima mkono uwe na ulegevu wa milimita 2 au 3 pale kwenye shina kabla haujaanza kuvuta, ukiwa umekaza kabisa hata klachi nzima itateleza. Kama baada ya hapo bado, nenda gia kubwa resi ndogo urudi nyumbani, na umuulize aliyekuwekea oili aliweka ya nini, oili nyingi za magari madogo zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi za pikipiki nyingi zimelowa kwenye oili hiyohiyo, kwa hiyo ya pikipiki iwe na alama ya JASO MA, yani inafaa klachi za kulowa.

Joto likipanda kwenye zenye rejeta, karibu kila mara ni tope limeziba mapezi, au feni haizunguki (kijiti kimeingia, au fyuzi). Zima, iache ipoe, kifuniko cha rejeta usikifungue ya moto, itakuunguza uso. Tope litoe kwa maji ya chupa yanayomwagika taratibu kutokea nyuma kuja mbele. Zisizo na rejeta chokoa udongo katikati ya mapezi ya injini, ndo kazi hiyo tu.

Breki

Breki za dramu zikitoka kwenye maji hazishiki, zimejaa maji. Zikanyage kidogokidogo ukiwa unatembea polepole mpaka joto likaushe, na ufanye hivyo KABLA ya mteremko. Za diski zikianza kusaga kama mchanga kwenye meno, tope limekaa kati ya pedi na diski, limwagie maji. Siku moja ya tope la mchanga inaweza kumaliza pedi ulizoona ni nzima asubuhi, kwa hiyo kila mapumziko chungulia, chini ya milimita 2 ni za kubadili. Zikibaki chuma kwa chuma utanunua na diski.

Cheni

Cheni kurukaruka meno ya sproketi, au kukaza mpaka pikipiki inatetemeka, watu wanakimbilia kuikaza au kuilegeza palepale. Subiri kwanza. Tope likijipakia kwenye sproketi ni kama umeongeza ukubwa wake, cheni inakaza yenyewe. Safisha afu ndo upime, kwa pikipiki nyingi za njia mbovu ulegevu ni milimita 35 mpaka 45 katikati, kitabu cha pikipiki yako ndo kinamaliza ubishi. Iliyokaza sana ndo inakatika, na ikikatika inajikusanya kwenye sproketi ya mbele na kuvunja kava la injini. Ukiweka kiungo cha akiba, klipu yake ule upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda, ukigeuza tope na vijiti vitaichomoa.

Pikipiki nzima, dereva ndo anaanguka

Ukianguka mara tatu na zote ni mbele kuteleza, cheki unapoangalia. Ukiangalia tairi unafuata tairi. Simama kwenye vikanyagio, magoti yabane tangi, macho mbele mita 10 au 15, mikono legelege, mafuta yasiyobadilikabadilika, na kwenye mifereji ya magurudumu chagua mmoja ubaki nao, kuhama katikati ndo kuanguka kwenyewe. Wanaofunga mafuta ghafla wakiogopa ndo huwa nawaokota.

Msafara ukikatikakatika na watu wanapotea, tatizo ni kila mtu anamfukuza wa mbele. Wetu ulitulia tulipokubaliana kwamba kila kwenye kona au njia panda anayemwona wa nyuma yake ndo anaondoka, asipomwona anasubiri hata iwe nusu saa. Kwenye mto, anayetangulia anavuka kwa miguu, sio kwa pikipiki, na maji yanayokwenda kasi yakifika gotini tunarudi, hatupigi kura.

Jana nzima, leo imegoma

Betri, mara nyingi. Au soketi za waya zimelala na maji, zifungue moja moja uzipulize. Oili iangalie tena asubuhi kabla ya kuwasha, maji kidogo yanaonekana vizuri injini ikishatulia.

Ukiosha, mashine ya presha usiielekeze kwenye beringi za magurudumu, sili, rejeta wala mdomo wa ekzosi. Beringi zenyewe zimeshateseka, hapu (kitovu cha gurudumu zinamokaa beringi) ikiwa na joto la breki ukaitumbukiza kwenye maji baridi hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili, halafu wiki tatu baadaye unasikia ngurumo hujui imetoka wapi. Shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza hata kidogo badilisha. Washa injini ikauke, cheni ipakwe oili ikiwa bado ya vuguvugu.

Na begi la spana nalo lifunguliwe jamani, mi mwenyewe lilishanikuta, nimeosha pikipiki ikang'aa, begi nikalitupa pembeni limelowa, safari iliyofuata mtu kapata pancha nafungua pale mbele za watu spana zimeota kutu zimeshikana, na pampu, ile pampu ninayoisifia, mpini wake hautoki.